M Kubwa ya Fisi

Hii ni habari ya enzi ambapo herufi zote zilikuwa na kimo kimoja, na maji hayakuwa na kimo chochote. Masika mawili yalipita bila tone. Mto Ngorwe ukabaki mchanga na mawe, isipokuwa dimbwi moja chini ya mkuyu. Dimbwi hilo lilijaa polepole usiku kucha, na asubuhi lingeweza kuwatosha wanyama wa bonde zima, kama kila mmoja angekunywa kwa kiasi. Hiyo "kama" ndiyo iliyowashinda.

Mwandishi wa bonde alikuwa Nungunungu. Kazi hiyo hakuiomba. Alizaliwa na kalamu mgongoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na hasira za karibu, na akiona kosa kwenye maandishi alilala nalo kama mwenye jino bovu. Zamani aliandika kwa kuchora juu ya mwamba, na mwamba hauna madaha: kila herufi ilitoka kubwa, imenyooka, ina pembe. Neno moja lilimla asubuhi nzima. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hapakuwa na mengi ya kuandika. Wanyama walishiba, na walioshiba hawaandikiani sheria.

Ukame ulipoingia, sheria zikaingia nazo. Nani anywe lini, nani asioge, nani asilete mashemeji. Nungunungu akaacha mwamba, akachukua magome ya mti na masizi, akawa anaandika kwa mwiba wake mwenyewe, tena mbio mbio. Mkono ukikimbia, herufi hujikunja. A ikapoteza paa ikaota tumbo, G ikaota mkia, M ikalegea mabega, zote zikasinyaa. Hivyo ndivyo herufi ndogo zilivyozaliwa bondeni. Wapo watakaokuambia zilibuniwa na wenye hekima wakikaa kivulini. Waache na hekima yao. Zilizaliwa na haraka, na haraka ilizaliwa na kiu.

Simba alipoona jina lake limesinyaa alinuna siku nzima, kisha akamwita mwandishi.

"Jina langu limekuwa dogo kama la chawa," alisema.

"Yote yamekuwa madogo, Mfalme."

"Ya wengine na yawe. Langu lirudi lilivyokuwa."

Basi akaandikwa SIMBA, herufi tano kubwa, zikala nusu ya gome. Kesho yake Tembo naye akataka, akaandikwa. Nyati akasema haiwezekani Tembo aandikwe vile na yeye aachwe. Mpaka jioni Kicheche alikuwa KICHECHE, na panya buku walikuwa wamepanga mstari. Sheria ya kuoga ikawa haisomeki. Wanyama walisimama mbele ya gome wakitafuta pa kuanzia, kila neno likiwapigia kelele. Nungunungu akaenda kwa Simba akamwambia kwamba wote wakinguruma, hata ngurumo ya mfalme haisikiki. Hilo Simba alilielewa upesi, maana lilimhusu.

Wakapatana hivi. Jina la mtu lipewe herufi moja kubwa, ya kichwani tu, awe Tembo awe panya. Mito na vilima navyo vipate, kwa kuwa vina majina. Na neno la kwanza la kila sentensi lianze kwa herufi kubwa, liwe lipi liwe lipi, ili mwenye kiu ajue maneno yanaanzia wapi. Yaliyobaki yote yawe madogo, na asije mtu kubembeleza.

Mmoja alikuja kubembeleza, na mnamjua. Fisi alitaka aandikwe FisI, mbele kubwa na nyuma kubwa, akidai kwamba kichwa kikipewa haki, mkia una kosa gani. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakujua wanacheka nini. Kusoma hakujua, kuandika hakujua, lakini katika darasa lote lile alishika jambo moja: kikubwa kina faida. Kwa Fisi elimu hiyo ilitosha.

Sasa, bonde lile lilikuwa na ada yake ya zamani: mgeni hunywa kwanza. Na kwa kuwa ukame ulikuwa ukileta wasafiri kutoka nyika za mbali, Simba aliona fahari ada hiyo iandikwe juu kabisa ya sheria za dimbwi, waione wageni wamsifu huko waendako. Yeye mwenyewe haikumgharimu kitu, maana alikuwa na chungu chake ambacho hakikuhesabiwa kwenye zamu. Nungunungu akaandika: *Mgeni anywe kwanza. Wenyeji wafuate kwa zamu.* Simba akaweka unyayo wake chini ya maneno, akatangaza kwamba neno lake likishaandikwa halifutwi. Gome likatundikwa kwenye mkuyu. Nungunungu alilitazama mara mbili, hakuona kosa, akaenda zake.

Kosa lilionwa na Sungura. Hilo nalo lisiwashangaze. Huyu bwana akiona ukuta haangalii ukuta, anaangalia ufa. Alimfuata Fisi, akamnong'oneza, wakapatana.

Asubuhi iliyofuata Fisi alikuja dimbwini amenyoa kichwa, ameongozana na binamu zake wawili wa kumshuhudia. Akawatangazia wanyama kwamba amebadili jina. Tangu siku hiyo haitwi Fisi tena, anaitwa Mgeni. Jina zuri, jina la watu, na kina Mgeni wako wengi duniani wala hawaulizwi. Kisha akaweka kucha yake kwenye gome, juu ya ile herufi ya kwanza.

"Nimeandikwa," alisema. "Nipisheni."

Nungunungu alipita katikati ya miguu ya wenzake mpaka mbele. Alimweleza kwamba ile M ni kubwa kwa sababu imeanza sentensi, si kwa sababu ni jina la mtu, na kwamba mgeni anayesemwa hapo ni yeyote atokaye mbali.

"M kubwa ni ya jina," Fisi akajibu. "Si wewe uliyetufundisha?"

Hapo ndipo Nungunungu alipochomwa. Lile jitu lisilojua kusoma lilikuwa limeshika nusu ya kanuni yake, na nusu ya kanuni ikikaa mdomoni mwa mjinga inasikika kama kanuni nzima. Wanyama walitazama gome, wakatazamana, na wengi wakatikisa vichwa kukubali, maana na wao waliijua nusu hiyo hiyo. Wakati wanafikiri, Fisi alikuwa ameshainama. Alikunywa mpaka tumbo likagusa chini. Walichobakiza binamu zake kilikuwa tope.

Walikwenda kwa Simba. Simba alisikiliza, akaona kwamba kukubali ni kusema sheria yake ina tundu, akasema neno lake halifutwi na waliokosa maji waje mapema zaidi. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, mpaka ya tisa. Fisi alinenepa katika ukame, jambo ambalo lilitosha kuwa ushahidi, lakini bondeni macho yalikuwa mengi kuliko midomo. Wanyama walikuwa wakilamba umande na kutafuna mizizi. Wakikutana na Nungunungu njiani waliacha kumwamkia. Kwao mwizi alikuwa Fisi, lakini aliyemfungulia mlango alikuwa mwandishi.

Siku ya tisa alifika Kongoni mmoja, mama mtu mzima, na ndama wake nyuma. Walikuwa wametembea siku nne kutoka upande wa machweo kwa sababu waliambiwa kuna bonde ambalo mgeni hunywa kwanza. Walikuta Fisi amelala chali kando ya tope, akipumua kwa shida ya shibe. Ndama akalamba tope, akakohoa, akalala chini. Mama yake alisimama mbele ya gome muda mrefu, kisha akamgeukia Nungunungu kwa adabu zote.

"Dada mwandishi, macho yangu yamejaa vumbi. Hebu nisomee hapo juu pamesemaje. Pengine huko nyuma nilisikia vibaya."

Nungunungu aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Hakusoma. Alikwenda shimoni kwake akachimbua kiazi mwitu alichojiwekea, kimoja tu, akakipasua akampa ndama akinyonye. Alijua hakitafika mbali. Ndama akikosa maji asubuhi inayofuata, basi.

Habari zilimfikia Simba kabla ya adhuhuri, na kilichomuuma si ndama. Aliambiwa kwamba Kongoni akirudi kwao atasema mfalme wa Ngorwe huandika asichokifanya. Akaja mwenyewe mpaka chini ya mkuyu, na kwa kuwa mfalme hakosei, alitafuta wa kukosea.

"Kesho jua likichomoza nataka sheria iliyonyooka," alimwambia Nungunungu mbele ya wote. "Na hakuna herufi itakayofutwa, maana hapo nimeweka unyayo wangu. Ukishindwa, utanyonyolewa hiyo miiba mmoja mmoja, na dimbwi hili hutalinusa tena."

Nungunungu asiye na miiba ni kitoweo. Hilo alilijua kila aliyekuwapo, na Fisi, ingawa alikuwa ameshiba, alijilamba.

Alasiri Sungura alimtembelea mwandishi. Alikuja na sura ya msiba, lakini msiba wenyewe ulikuwa wake. Alieleza kwamba hila ile aliitunga yeye, na mapatano yalikuwa Fisi anywe kwanza na Sungura awe wa pili. Siku tisa hajaona hata kikombe. Tena, alisema, lile zoba halijui hata kusoma. Linaijua M kubwa tu, ukiliandikia tusi kwa M kubwa litakushukuru. Halafu akaingia kwenye biashara. Dawa ya jambo hili anayo, na atamuuzia dada yake, Nungunungu, kwa bei ya undugu: Sungura aandikwe wa pili katika zamu, milele.

"Uliniharibia kazi bure," Nungunungu akamwambia, "halafu unataka kunitengenezea kwa malipo?"

Akamgeuzia mgongo na kuisimamisha miiba. Sungura aliondoka kwa kurukaruka, akilalamika kwamba siku hizi wema hauna soko.

Nungunungu akabaki na gome lake. Aliitazama ile M mpaka ikaanza kumkera kama jina la mgomvi wake. Mwanzoni mwa sentensi, aliwaza, kila mtu ni mkubwa. Hapo hujui nani ni nani. Ukitaka kumjua aliye na jina na asiye nalo, mkute katikati ya maneno. Kufuta hakuruhusiwa. Kuongeza hakukukatazwa. Na ada ya mgeni haikuwa ya kunywa tu, ilikuwa na nusu yake ya pili ambayo bonde zima liliijua tangu utotoni, ila kwa ajili ya fahari ya Simba haikuandikwa. Akachomoa mwiba mmoja, akauchovya kwenye masizi, akaongeza mstari mmoja chini ya ile miwili. Kisha akalala, na alilala vizuri.

Kulipokucha wanyama wote walikuwa chini ya mkuyu. Kongoni alikuwa amemlaza ndama wake kwenye kivuli cha Tembo. Dimbwi lilikuwa limejaa, na Fisi alikuwa amesimama pembeni yake kabisa, kwato za wenzake zikiwa mbali. Simba aliuliza kama sheria imenyooka.

"Imenyooka, Mfalme, wala sijafuta kitu," alisema Nungunungu. "Mstari wa kwanza ulikuwa na utata kwa sababu neno lile limekaa mwanzoni. Nimeongeza mwingine ambamo limekaa katikati. Humo nimeliandika kwa m ndogo, kama anavyostahili mgeni yeyote asiye na jina."

Fisi aliinua kichwa. Katika maneno yote hayo alikuwa amesikia moja.

"Ndogo?" aliuliza. "Mimi?"

"Ni mkia wa wino tu. Ukitaka naweza kuikuza."

"Ikuze."

"Nikusomee kwanza mstari wenyewe, bwana?"

"Kusoma ni kazi yako," Fisi akasema. "Yangu ni kunywa. Popote palipoandikwa mgeni kwenye gome hilo M iwe kubwa, na iwe mimi, si mwingine."

Nungunungu alimgeukia Simba na kuuliza kama Mfalme amesikia. Simba akasema amesikia. Akawageukia wanyama akawauliza kama wamesikia, nao wakasema wamesikia, wengine kwa kusononeka, wakidhani mwandishi amenunuliwa. Sungura peke yake alielewa. Alikunja masikio yake yote mawili akayafunika macho. Nungunungu akairefusha ile herufi ndogo miguu, akainyoosha mabega, ikawa M kubwa yenye heshima zake. Kisha akausoma mstari polepole, kidole kikifuata neno baada ya neno.

"*Ikifika siku ya tatu, Mgeni apewe jembe, achimbe mpaka maji yatoke.*"

Wanyama walihesabu siku. Halafu Ngiri, ambaye alikuwa na jembe la bonde na hakuwa amekunywa tangu Jumatatu ya juma lililopita, alichomoka mbio kwenda kulileta.

Fisi alicheka kidogo, kile kicheko chake. Akasema jamani, pana kutoelewana. Yeye anaitwa Fisi, hata mama yake alimwita Fisi, na habari za Mgeni zilikuwa utani wa asubuhi. Simba alimkazia macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tisa sheria yake kumpendeza.

"Siku tisa amekunywa Mgeni," alisema. "Kama wewe ni Fisi, basi ni mwizi wa maji, na wezi wa maji nawahukumu kwa meno. Kama wewe ni Mgeni, siku ya tatu ilipita zamani. Chagua jina."

Fisi alitazama meno, akatazama jembe. Akachagua jembe.

Nungunungu akamalizia kusoma ada kwa kinywa, kwa faida ya wajinga wa nusu kanuni: aliyepewa jembe si mgeni tena, ni mwenyeji, na mwenyeji hungoja zamu. Kwa hiyo asubuhi ile mgeni alikuwa mmoja tu na mwanawe. Kongoni akamwinua ndama kwa pua, akamsukuma taratibu mpaka ukingoni. Ndama alikunywa, akapumzika, akakunywa tena. Wanyama wote walisimama na kiu zao wakimwangalia, wala hakuna aliyemharakisha. Mama yake alikunywa baadaye, kisha akamwendea Nungunungu na kusema asante moja tu, ya moyoni. Miiba ilibaki mahali pake.

Fisi alionyeshwa pa kuchimba, katikati ya mchanga wa mto, juani. Siku ya kwanza alichimba akitukana. Siku ya pili alichimba akijihurumia. Ilipofika siku ya tatu alikuwa amezama mpaka hata masikio hayaonekani, na lile tumbo la siku tisa lilikuwa limemwisha. Binamu zake wawili waliulizwa kama watamsaidia, wakasema wao hawana undugu na mtu anayeitwa Mgeni. Mchana, chini ya miguu yake, mchanga ulianza kulowa. Kwa kuwa shimoni hapakuwa na mwingine wa zamu, yeye ndiye aliyeyaonja maji hayo mwanzo kabisa, yakiwa bado tope, na tope lilimjaa mpaka puani.

Maji yakapanda. Fisi akataka kupanda nayo, lakini kuta zilikuwa za mchanga, na kila alipozikamata zilimrudisha chini. Akaanza kupiga kelele avutwe.

"Nani huko chini?" aliuliza Ngiri.

"Ni mimi, Fisi."

"Fisi hayumo kwenye zamu ya kuchimba. Hapo aliandikwa Mgeni. Nenda kamtafute."

Walimwacha aeleze. Alieleza kwamba yeye ni fisi tu, fisi mdogo, fisi wa kawaida, na kwamba hataki herufi kubwa mbele wala nyuma wala katikati, waichukue wampe anayeitaka. Sauti ilipokuwa nyembamba kabisa, na maji yamemfika shingoni, Nungunungu aliwaambia wateremshe kamba. Si kwa huruma, alisema. Maji ni ya kunywa, na hakutaka yaharibike.

Kisima hicho kilinywesha bonde mpaka mvua ziliporudi. Kuhusu Fisi, mimi humu nimemwandika kwa herufi kubwa kwa sababu wasimulizi humpa kila mnyama cheo cha jina, hata asiyestahili. Lakini funga hadithi, uchukue maandishi yoyote ya kawaida, umtafute katikati ya sentensi: utamkuta fisi ana f ndogo, ameinama. Na mgeni naye ana m ndogo, ili kila atokaye mbali apate kunywa. Wazee wa Ngorwe, wakimwona mtu anainyoosha sheria ielekee mdomoni mwake, hawamsemeshi sana. Humwambia tu: mchimba kisima huingia mwenyewe.